Namna ya kuipima tamthilia mpya ya upelelezi wa kisayansi kwa sehemu yake ya kwanza

Kila inapotoka tamthilia mpya ya upelelezi iliyojengwa juu ya sayansi ya kubuni, rafiki zangu hunitupia swali lile lile: tuianze au tuiache? Huniuliza mimi kwa sababu wanajua hizi ndizo tamthilia ninazozipenda kuliko zote, na wanajua pia kwamba sijibu mpaka niwe nimeitazama sehemu ya kwanza na kalamu mkononi. Nimeona niandike ninavyofanya, ili ukijikuta na tamthilia mpya mbele yako nawe ujue pa kuelekeza macho.

Kitu cha kutafuta kabla ya vingine vyote

Hadithi ya upelelezi ni mchezo wa kuviziana kati ya mtunzi na mtazamaji. Mtunzi anaficha, wewe unatafuta, na mchezo unakuwa wa haki pale tu ambapo kila kinachohitajika kulipata jibu kimekwisha kupita mbele ya macho yako kabla jibu halijatajwa. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mwingereza aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliuwekea mchezo huu kanuni kumi. Ya nne inakataza sumu ambayo haijapata kugunduliwa, na inakataza chombo chochote kitakachohitaji maelezo marefu ya kisayansi mwishoni.

Sasa fikiria tamthilia ya mwaka 2050 yenye roboti, na kumbukumbu zinazohamishwa kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Ni kama Knox ameipiga marufuku tangu mwanzo. John W. Campbell, mhariri mashuhuri wa hadithi za kisayansi huko Marekani, naye aliamini kwamba upelelezi na sayansi ya kubuni haviwezi kukaa chungu kimoja, maana mpelelezi wa siku zijazo akikwama atachomoa mtambo mpya mfukoni na kesi itaishia hapo. Isaac Asimov alimjibu kwa vitendo. Mwaka 1953 jarida la Galaxy lilianza kuchapisha The Caves of Steel, riwaya ya askari mpelelezi Elijah Baley na mwenzake Daneel Olivaw, ambaye ni roboti. Humo watu wa New York wanaishi ndani ya mji uliofunikwa juu mpaka chini, na wameuzoea kiasi kwamba kukatisha uwanda wazi peke yao ni jambo wasiloweza hata kulifikiria. Roboti nao hawawezi kumdhuru binadamu. Mtu anauawa mahali ambapo lango lake linakagua silaha, na njia iliyobaki ni ya uwandani. Binadamu hawezi kupita huko, roboti hawezi kuua, na maiti ipo. Kanuni za dunia ile ndizo zilizoifunga kesi, na msomaji amekabidhiwa zote mapema.

Hicho ndicho ninachokitafuta. Yale maelezo marefu ya kisayansi ambayo Knox hakuyataka mwishoni, je, yamehamishiwa mwanzoni? Sehemu ya kwanza ikinionyesha mtambo wake unafanya nini na unashindwa kufanya nini, kisha ikaleta uhalifu, naketi vizuri. Uigizaji, muziki, magari yanayopaa na taa za rangi naviangalia baada ya hapo.

Kabla ya kubonyeza

Trela itazame mara moja, au usiitazame kabisa. Trela nyingi huchukua vipande vya sehemu za mbele kabisa, na katika upelelezi uso mmoja ulioonekana mapema unatosha kukuambia kwamba yule mtu hatakufa.

Hakikisha unachoanza nacho ndicho kilichotengenezwa kuwa mwanzo. Hili watu hulidharau. Almost Human, tamthilia ya askari na mwenzake roboti iliyoonyeshwa na televisheni ya Fox ya Marekani kuanzia Novemba 2013, ilirushwa hewani kwa mpangilio tofauti na ule wa watengenezaji wake, na watazamaji wengi wakabaki wanajiuliza kwa nini uhusiano wa wahusika unasogea mbele kisha unarudi nyuma. Tamthilia ilifutwa baada ya sehemu 13. Kwa hiyo nikianza tamthilia yoyote ya aina hii natafuta kwanza orodha ya mpangilio, hasa ikiwa ni ya televisheni ya kila wiki.

Washa maandishi ya chini hata kama lugha unaijua vizuri. Dunia za kubuni zina majina ya kubuni: ya vyombo, ya vyeo, ya sheria, ya dawa. Jina ulilolisikia nusunusu katika dakika ya sita linaweza kuwa ndilo linalomfunga mtu katika sehemu ya nane. Simu iweke mbali. Katika tamthilia ya kawaida ya polisi unaweza kuinama ukajibu ujumbe na usikose kitu. Hapa kidokezo kinaweza kuwa tangazo lililobandikwa ukutani nyuma ya mpelelezi.

Karatasi yenye pande mbili

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Upande mmoja andika Dunia, wa pili andika Kesi. Upande wa Dunia unaandika kila kitu ambacho teknolojia au sheria ya mahali pale inaruhusu, na kwa uzito zaidi kile inachokataza. Upande wa Kesi unaandika nani amekufa au amepotea, nani alikuwa naye mara ya mwisho, na kipi hakijulikani.

Nikuonyeshe kwa Altered Carbon, iliyotoka Netflix mwezi Februari 2018 ikiwa na sehemu kumi, kutokana na riwaya ya Richard K. Morgan ya mwaka 2002. Upande wa Dunia niliandika hivi: fahamu ya mtu inahifadhiwa katika kidude kidogo kilichopandikizwa shingoni, mwili ukifa na kidude kikawa kizima, mtu anaweza kuwekwa katika mwili mwingine, kidude kikivunjwa, amekufa kabisa, isipokuwa kama ni tajiri mwenye nakala ya fahamu yake iliyohifadhiwa kwingine, nakala ya tajiri hutumwa kila baada ya saa 48. Upande wa Kesi: Laurens Bancroft amekutwa amepigwa risasi na kidude chake kimeharibiwa, polisi wanasema alijiua, Bancroft mwenyewe, aliyerudishwa kutoka kwenye nakala, anakataa na anamkodi Takeshi Kovacs amtafute muuaji, saa za mwisho za uhai wake hazimo katika nakala.

Tazama hizo saa 48. Zimeandikwa upande wa Dunia kama habari ya kiufundi tu, na zimetokea tena upande wa Kesi kama shimo katika ushahidi. Marehemu ndiye mteja, na kitu pekee asichoweza kumwambia mpelelezi wake ni kile kilichomuua. Kitu kimoja kinapokaa pande zote mbili za karatasi namna hiyo, nachora mstari wa kuviunganisha. Sehemu ya kwanza ikiisha bila mstari hata mmoja, hapo naanza kuwa na shaka.

Kipimo kingine kinachotokana na karatasi hiyo hiyo ni kuondoa. Futa upande wote wa Dunia, kisha usome Kesi peke yake. Je, bado inaeleweka? Kesi ya Bancroft inaanguka papo hapo: hakuna marehemu anayekodi mpelelezi. Lakini zipo tamthilia nyingi ambazo ukifuta magari yanayopaa, ukabadilisha kompyuta ya mkononi ikawa simu, na mvua yenye taa za zambarau ikawa mvua tu, kinachobaki ni mauaji ya kichochoroni ambayo umeyaona mara nyingi. Tamthilia ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri kama tamthilia ya polisi, na nitamwambia rafiki yangu hivyo hivyo: ni ya polisi, imevaa nguo za kesho. Ajue anachokwenda kutazama.

Kwa nini kesi haijaisha ndani ya dakika tano?

Hili ni swali ninaloliuliza kwa sauti, na ninataka tamthilia inijibu ndani ya sehemu ya kwanza. Ikiwa kuna kamera kila kona, kwa nini muuaji hakuonekana? Ikiwa wanaweza kusoma kumbukumbu, kwa nini wasisome ya mshukiwa? Ikiwa mashine inatambua mtu kwa unywele mmoja, mpelelezi anafanya nini pale?

Majibu mazuri yapo ya aina nyingi. Sheria inaweza kukataza kusoma kumbukumbu bila kibali. Mtambo unaweza kuwa ghali mno kwa kituo cha polisi cha mtaa ule. Unaweza kuwa unafanya kazi, ila anayeumiliki ndiye mshukiwa. Jibu ambalo silikubali ni lile la mtambo kuharibika kwa bahati siku ya mauaji tu na kupona kesho yake.

Life on Mars ya BBC, iliyoanza Januari 2006, ililigeuza swali hili kwa namna ninayoipenda sana. Sam Tyler, mpelelezi wa Manchester wa mwaka 2006, anagongwa na gari na kuzinduka mwaka 1973. Simu ya mkononi hana, kompyuta hana, na wenzake kituoni, wakiongozwa na Gene Hunt, wanaamini ngumi kuliko maabara. Badala ya kumpa mpelelezi mitambo mipya, tamthilia imemnyang'anya ile aliyoizoea, na kila kesi inampima anajua nini bila hiyo. Juu ya kesi za kila wiki imewekwa kesi kubwa ambayo Sam anaitamka wazi mwanzoni: je, amepata wazimu, yuko katika koma, au amerudi nyuma kweli? Majibu matatu yako mezani tangu siku ya kwanza. Mtazamaji haoni ameviziwa kwa hila. Anajua achague kati ya nini na nini, na tamthilia ikachukua sehemu 16 kumfikisha mwisho. Ninapoitazama yoyote mpya yenye fumbo kubwa nyuma ya kesi ndogo, nataka nione adabu hiyo: uniambie swali ni lipi, hata kama jibu litakawia miaka.

Mpelelezi mwenyewe

Mpelelezi mlevi, aliyefiwa na mke, mwenye koti refu, asiyelala. Tumemwona, na sina ugomvi naye. Ninachouliza ni kama jeraha lake linagusana na dunia anayoishi. John Kennex wa Almost Human, katika mwaka 2048, anatoka katika koma ya miezi 17 akiwa na mguu wa bandia na chuki kwa roboti za polisi, kwa sababu katika shambulio lililomvunja, roboti ilipiga hesabu ikaona mwenzake aliyejeruhiwa hana nafasi ya kutosha ya kupona, ikakataa kusaidia. Halafu sheria ya kazi inamtaka kila askari atembee na roboti. Wa kwanza anamsukuma nje ya gari likiwa mwendoni. Wa pili ni Dorian, wa toleo la zamani lililoundwa liwe na hisia. Kwa matukio hayo machache nimejua sheria ya mahali, kidonda cha mtu, na mahali viwili hivyo vitakapogongana kila wiki.

Wawili wanaotofautiana ni msaada mkubwa kwa mtazamaji mgeni, ndiyo maana ujenzi huu unarudi tena na tena. The X-Files ilipoanza Septemba 1993, Dana Scully, daktari, alipelekwa kwa Fox Mulder, mpelelezi wa FBI anayefuatilia kesi za ajabu zisizoelezeka, aipime kazi yake kwa jicho la sayansi. Kila ushahidi ulisomwa mara mbili mbele yako. Ukiona wawili katika tamthilia mpya, jiulize kama kweli wanasoma ushahidi ule ule kwa njia mbili, au mmoja yupo tu ili aulize "maana yake nini?" na mwingine amweleze.

Tazama kilichochakaa

Hapa ndipo ninapokaa kwa muda mrefu, na ndipo ninaporudisha nyuma mara kwa mara. Watengenezaji wanajua tutashangaa jengo refu na chombo cha angani; pesa imekwenda huko. Kazi ya kuipa dunia uhai imo katika vitu vibovu, vya bei nafuu na vilivyorekebishwa kwa kuungaunga.

The Expanse, iliyoanza Desemba 2015, ina mpelelezi Miller katika Ceres, sayari ndogo iliyochimbwa ikawa mji na bandari. Anapewa kazi ya kumtafuta msichana wa kitajiri, Julie Mao. Lakini kabla sijaanza kumjali Julie, nilikuwa nimekwisha kuiamini dunia ile kwa sababu ya vichujio vya hewa. Msimamizi ameviacha vichakae apate faida, watoto wanakohoa, na Miller, ambaye si mtakatifu, anamrudia mtu huyo kumwonyesha kukosa hewa ni nini. Huhitaji mhusika akusimulie kwamba hapa hewa inauzwa na kwamba maskini ndio wanaoivuta mbovu. Hata ndege anayeonekana mle anapiga mbawa polepole kuliko ndege wa duniani, maana uvutano ni mdogo. Hakuna anayemtaja. Hata lugha ya wenyeji wa kule, mchanganyiko wa lugha nyingi, ilitungwa na mwanaisimu Nick Farmer, na unaisikia mitaani bila mtu kusimama kuitafsiri.

Basi simamisha picha. Angalia milango inafungwaje, nani anafagia, nguo zimepauka wapi, watu wanakula nini na kwa chombo gani. Kama kila kitu ni kipya na kinang'aa, hata nyumbani kwa mshukiwa asiye na kazi, andika hilo. Ama ni uvivu wa wasanifu, ama ni kidokezo kwamba dunia ile inaficha maskini wake mahali. Sehemu ya pili itakuambia.

Ikiwa inacheza na wakati

Tamthilia za kurukaruka miaka zinataka karatasi ya ziada. Bodies, ya Netflix, Oktoba 2023, inaweka maiti ile ile katika mtaa ule ule wa Whitechapel, London, katika miaka 1890, 1941, 2023 na 2053, na kila mwaka una mpelelezi wake. Kwa hii nilichora safu nne na kila kipya nikakiweka chini ya mwaka wake, nikiandika nani anajua nini wakati gani. Usijaribu kukisia safari ya wakati inafanyikaje katika saa ya kwanza. Bado hujapewa vya kutosha. Pima mambo mawili: je, picha ikibadilika unajua uko mwaka gani kabla hujaandikiwa? Na je, kila mpelelezi anafanya kazi kwa zana za wakati wake, au wote wanafikiri kama watu wa leo waliovaa mavazi tofauti?

Yanayonitia wasiwasi

Wataalamu wawili wakielezana jambo ambalo wote wanalijua, kwa faida yangu mimi niliyeketi: nalivumilia mara moja. Njama ya dunia nzima ikitajwa kabla hata kesi ya kwanza haijasogea: naandika alama ya kuuliza. Kuna jingine ambalo ni zito kuliko hayo yote, nalo ni kanuni mpya inayozaliwa dakika kumi za mwisho ili kumwokoa mpelelezi. Amezingirwa, hana njia, ghafla tunaambiwa kwamba mkono wake wa bandia unaweza kuzima umeme wa jengo zima. Kama mkono huo ungezima hata taa moja tu mwanzoni, kwa kupita, ningefurahi sana. Mtunzi anayefanya hivi katika sehemu ya kwanza, ambayo amekuwa na muda mwingi wa kuiandika kuliko zote, atafanya hivyo katika ya mwisho pia, na huko ndiko jibu la mauaji liliko. Hilo pekee hunitosha kumwambia rafiki asubiri.

Sehemu ya pili, kisha maoni

Sitoi maoni baada ya sehemu ya kwanza peke yake. Sehemu ya kwanza mara nyingi hutengenezwa mapema ili kuwashawishi wenye pesa, ikiwa na mwongozaji wake na bajeti yake. Ya pili ndiyo inayoonyesha maisha ya kawaida ya tamthilia: wanaanzaje kesi, wanaongeaje wakiwa hawana haraka, na muhimu kuliko yote, je, wanazitii kanuni walizoniwekea jana? Narudi na karatasi yangu, nasoma upande wa Dunia, na kila kanuni iliyotumika naipigia vema. Iliyovunjwa bila maelezo naizungushia duara.

Unapowaandikia wenzako, zungumzia swali na uache jibu. Mpaka wangu ni robo saa ya kwanza: chochote kilichotokea humo naweza kukitaja, baada ya hapo nanyamaza. Usiandike kwamba kuna mgeuko mkubwa mwishoni. Ukishasema hivyo, mwenzako ataacha kutazama kilichopo na kuanza kuuwinda mgeuko. Tenganisha pia ulichokipenda na kilichojengwa vizuri, maana mtu anaweza kuchukia giza na huzuni unavyovipenda wewe na bado akahitaji kujua kama kesi ni ya haki.

Maoni yangu ya kwanza kwa kawaida hayazidi sentensi sita. Ya Altered Carbon yangesomeka hivi: "Ni mauaji ambayo marehemu mwenyewe anayachunguza kwa kumkodi mtu. Kanuni ya kufa na kurudi inaelezwa mapema, na kesi yote inasimama juu yake. Damu na utupu ni vingi, usiitazame na watoto. Matajiri wake wanaishi juu ya mawingu, na hilo lina kazi katika hadithi. Shika namba 48. Nenda mpaka sehemu ya pili ndipo uamue."

Chini kabisa ya karatasi, mahali ambapo hakuna atakayesoma isipokuwa wewe, andika jina la unayemshuku na kidokezo kimoja kilichokufanya umshuku, pamoja na dakika ulipokiona. Ikunje, itie ndani ya daftari, na uanze sehemu ya tatu.